BAHATI HAINA KOSA, FUNGUA PAKITI YAKO

Jamani, tuache kuisingizia bahati! Kila nikikaa kijiweni hapa Kibosho na wenzangu wanaocheza Magic: The Gathering kwenye simu, wimbo ni ule ule: "Leo karata zimenikataa." Mtu kafungwa mara tano mfululizo, anabwaga simu kwenye benchi, eti ana mkosi. Hivi ni mkosi gani huo unaokuja kila siku saa kumi jioni?

Msomaji usiyeujua mchezo huu, nikueleze kidogo. Ulibuniwa na Mmarekani, Richard Garfield, ukatoka mwaka 1993. Katika karata zetu hizi za kopa na shupaza, pakiti ni moja ya karata 52 na wote tunagawiwa humo humo. Ukipata magarasa, una haki ya kulalamika. Lakini kwenye Magic kila mchezaji anakuja na pakiti aliyoipanga mwenyewe: karata zisipungue 60, na za jina moja zisizidi nne, isipokuwa zile za ardhi ya kawaida. Unaanza na saba mkononi, kisha unavuta moja kila zamu yako. Sasa ndugu yangu, magarasa uliyoyaweka kwa mkono wako unamlalamikia nani?

Kosa la kwanza ni tamaa. Sheria inaridhika na 60, mtu anajaza 80 kwa sababu eti zote nzuri. Haya, tupige hesabu. Ukiwa na karata nne za jina moja ndani ya 60, uwezekano wa kuanza na angalau moja mkononi ni karibu asilimia 40. Ndani ya 80 unashuka mpaka kama 31. Na ukiweka moja tu katika hizo 60, haufiki hata asilimia 12. Yaani karata dume yako umeificha mwenyewe, halafu unaona ajabu haionekani!

Kosa la pili ni kubania ardhi. Ardhi ndiyo inayolipia karata nyingine zote. Wazoefu wengi huanzia kama 24 katika 60. Wenzangu wanaweka 17 ili wapate nafasi ya majitu na majoka, kisha wanakaa na majitu matano mkononi bila uwezo wa kushusha hata moja.

Kosa la tatu ndilo linaloniudhi zaidi, maana sisi ni watu wa mlimani. Wazee wetu hawakukaa kihambani kungoja mvua tu. Walichimba mifongo, ile mifereji ya kuleta maji kutoka juu. Kwenye Magic mfongo upo: ni karata za kuvutia karata. Chukua Opt: kwa gharama ya ardhi moja unachungulia karata ya juu, usipoitaka unaipeleka chini, kisha unavuta. Au Ancestral Recall ya mwaka 1993, inayokupa tatu kwa gharama ya ardhi moja. Hiyo ni kali mno, hata katika mashindano ya Vintage, yanayoruhusu karibu karata zote za zamani, unaruhusiwa moja tu. Kama kila kitu ni bahati, mbona watunga sheria wanaiogopa karata ambayo kazi yake ni kuvuta karata tu?

Mtasema bahati ipo. Ipo, sikatai. Hata pakiti safi kuna siku itakuangusha. Ninachokataa ni kuitaja bahati kabla hujaikagua pakiti.

Nami sijioni msafi. Miezi mingi nilibeba karata 75, kila moja nikiionea huruma. Siku nilipojikaza nikatoa 15, sikugeuka bingwa. Bado nafungwa, ila sasa najua kwa nini.

Naandika haya kwa uchungu, si kwa ajili ya mchezo peke yake. Kijana aliyezoea kusema mkosi kwenye karata atasema mkosi kwenye mtihani, atasema mkosi duka likifungwa, na mhariri akimrudishia hadithi iliyojaa magarasa atasema mkosi tena. Lini atakaa chini apunguze?

Mwenye hoja nyingine aje nayo kijiweni. Ila aje na pakiti yake pia, tuihesabu karata moja moja.