DAFTARI LA ARDHI LITOKE KWENYE DROO



Safari hii hatuandiki juu ya bei ya kahawa. Tunaandika juu ya daftari la ardhi, lile linalofungiwa kwenye droo ya ofisi ya kijiji. Mtu akitaka kuona shamba lake limeandikwa vipi anaambiwa arudi kesho. Kesho anaambiwa mwenye ufunguo yuko semina. Siku akibahatika, anatakiwa shilingi elfu kumi kwa nakala ya karatasi moja, na stakabadhi hapewi. Kwa wenye mashine za fotokopi barabarani karatasi ni shilingi mia, au mia mbili. Hizo nyingine ni za nini? Za wino?

Daftari ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini, maana yake kwa niaba yetu, na Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye mtunzaji wa daftari. Mtunzaji, ndugu, siyo mwenye mali. Mlinzi wa ghala letu halipishi mtu kuja kuangalia magunia yake. Sheria hiyo hiyo inaikataza Halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na inaitaka itoe taarifa ya ardhi katika kila mkutano wa kawaida. Taarifa tunayopewa sisi ni kwamba "mambo ya ardhi yanakwenda vizuri", halafu tunaingia ajenda ya madawati. Jamani, tutaidhinishaje tusichokiona?

Iko pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Raia anaomba taarifa iliyo kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Kulipia nakala kunakubalika, hatukatai. Lakini malipo ya nakala ni ya karatasi na mashine, siyo ya kumlainisha mtu. Tazameni mjini: mwenye nyumba ya hati pale Arusha, daftari lake liko kwa Msajili wa Hati, na mtu yeyote akilipa ada iliyowekwa anapekua na kupewa risiti. Nyumba ya tajiri inapekuliwa, migomba yetu ndiyo iwe siri ya dola?

Wako wanaosema daftari likifunguliwa watu watajua mali za wenzao. Kwani sasa hatujui? Masale ya mpakani yamepandwa mchana, majirani wakiwa wamesimama. Anayefaidika na siri ni yule anayeuza shamba moja mara mbili, na yule anayeandikisha cha marehemu kwa jina lake. Mwaka jana mama mmoja wa hapa hapa alikuja kujua kwamba kihamba anachopalilia tangu aolewe kina jina la shemeji yake. Alijua siku alipokuja mnunuzi na gari, na kamba ya kupimia mkononi! Sheria inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume, lakini sheria haitoki kwenye droo yenyewe. Daftari lingesomwa mkutanoni, lile jina lisingepita. Wanawake wa kitongoji kizima wangesimama. Na tangu Arusha iwe jiji mwaka 2012 wanunuzi wa namna hiyo ndio wanazidi kupanda huku.

Sisi watu wa Meru tungekuwa wa mwisho kudharau jambo la makaratasi. Kule Engare Nanyuki, kwa macho ya wazee wetu palikuwa malisho na maji. Kwenye vitabu vya Serikali ya kikoloni palikuwa shamba namba 31 na shamba namba 328. Mwaka 1951 watu wapatao 3,000 walifukuzwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto, ili walowezi wachache wapate pa kufugia. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wajukuu wa waliochanga nauli ya New York leo wanashindwa kuona daftari lililo hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao, kwa kukosa elfu kumi!

Tunajua ofisi mara nyingi haina hata rimu ya karatasi. Basi tuambiwe, tutachanga rimu. Tunajua pia daftari linaweza kuchanwa na mlevi. Mtendaji akae nalo mezani, atufungulie yeye mwenyewe.

Tunachodai ni hiki. Mkutano Mkuu wa robo mwaka unaokuja, daftari liletwe na lisomwe kitongoji kwa kitongoji, kama ushirika unavyosoma kilo za kila mwanachama. Baada ya hapo iwekwe siku moja kila wiki ya kuliangalia bila malipo. Bei ya nakala ipangwe na mkutano, iandikwe hapa ukutani, na kila shilingi iwe na stakabadhi.

Barua ya kuomba jambo hili liingizwe kwenye ajenda iko kwa katibu wa ushirika. Njooni mtie sahihi siku za kupokea kahawa, kabla ya saa kumi jioni. Asiyejua kuandika aje pia, wino wa dole gumba upo.