Bei Haipimwi kwa Macho



Majani ya chai ya Nyamira hupimwa kwa kilo kituoni. Kwa nini basi mkungu wa ndizi ukadiriwe kwa macho shambani? Mnunuzi aijua bei ya Nairobi. Mkulima asiyeijua huuza gizani. Kabla ya kupatana, yafaa uupime mkungu kwa mizani, uulize bei sokoni Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, kisha uandike gharama za samadi, vibarua na gari. Ndipo utakapojua bei usiyopaswa kushuka chini yake. Tena, majirani wakiuza pamoja, lori hujaa upesi, nao husikilizwa. Karo ya mtoto imo katika mkungu huo. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.