Muosha Magari, Gari la Vumbi Halihitaji Mto

Nimechoka kusikia kauli hii: "Gari bila maji halitakati." Wengi wanaoisema hawajawahi kujaribu.

Tufanye hesabu. Weka ndoo ya lita 20 chini ya mpira wako. Ikijaa kwa dakika 2, mpira unatoa lita 10 kwa dakika. Ukiuacha wazi dakika 12, gari moja limekula lita 120. Magari 15 kwa siku ni lita 1,800. Hayo ni maji ya kumwagilia bustani, nawe unayamwaga yakiwa na sabuni na oili.

Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukifukuzwa unalalamika kwamba vijana wanaonewa. Je, anayemwagilia mchicha kwa maji yako machafu si kijana?

Dawa ya kuoshea bila maji hulainisha vumbi ili liteleze juu ya rangi bila kuikwaruza. Fanya hivi:

1. Weka gari kivulini, bodi ipoe.
2. Pulizia eneo dogo, usubiri kidogo.
3. Kunja taulo la maikrofaiba mara mbili upate pande 8. Pitisha kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza. Upande ukichafuka, geuza.
4. Anza juu, malizia chini. Taulo la matairi lisiguse bodi.
5. Futa kwa taulo jingine kavu. Yote yafue kwenye beseni, maji yake yasiende mtoni.

Gari lenye matope usilifanyie hivi. Mchanga utachubua rangi. Lisuuze kwanza kwa ndoo, penye shimo la maji machafu. Anayekuuzia dawa na kukwambia inafaa kila gari anakudanganya.

"Wateja hawataki." Mteja anataka gari safi lisilo na mikwaruzo. Kwa njia hii unamfuata kazini kwake, unamwoshea gari pale pale lilipoegeshwa. Huhitaji bomba, pampu wala tangi.

Wiki hii anza na magari ya vumbi tu. Andika gharama za dawa, andika mapato. Kisha njoo tubishane kwa hesabu, si kwa mazoea.