Koleo kuukuu liulizwe kabla ya kupimwa kilo

Pale Gerezani, Dar es Salaam, chuma chakavu hakiulizwi kilitoka wapi. Kinapimwa. Koleo lililolisha familia ya fundi hutupwa mizanini pamoja na rimu za baiskeli na vipande vya injini, na likishaingia tanurini habari yake imekwisha. Mimi huyanunua makoleo hayo kabla hayajaondoka, hasa yale ambayo muuzaji mwenyewe hajui ni ya nini.

Ninalo moja ambalo taya zake ni duara mbili bapa zinazotazamana, upana wa sarafu, ndani zimechongwa herufi kinyumenyume. Halikati waya wala halishiki nati. Niliuziwa kama koleo la kutobolea mikanda, ingawa halina ncha yoyote ya kutobolea. Aliyelitambua ni mzee mmoja mstaafu wa reli, tena kabla sijamaliza kulitoa mfukoni: la kupigia lakiri. Waya hupitishwa kwenye komeo la behewa, ncha zake zikaingizwa katika kidonge cha risasi, kisha koleo hukibana kidonge hicho mpaka herufi zitokeze. Mlango ukifunguliwa njiani, lakiri iliyokatika itasema. Makoleo ya ukoo huo bado yanafunga mita za maji na umeme.

La fundi viatu ndilo ninalolipenda kupita yote. Taya zimepinda, na chini yake kuna kinundu kizito cha chuma. Fundi huuma ukingo wa ngozi, huegemeza kinundu kwenye kalibu na kuvuta. Ngozi ikishakaza huizuia kwa kidole gumba, hugeuza koleo lilelile na kupigilia msumari kwa kinundu hichohicho. Langu limelika upande mmoja tu wa kinundu. Nadhani mwenyewe alitumia mkono wa kushoto.

Ninazo pia plaizi za Bernard, zilizotengenezwa New Haven, Marekani, kwa hataza ya William Bernard ya mwaka 1890. Plaizi za kawaida hufunguka kwa pembe, ndiyo maana hula kona za nati. Hizi taya zake husogea sambamba, na katikati pako wazi, waya mrefu unapita moja kwa moja kati ya mikono.

Hapa ndipo ninapokosana na wakusanyaji wenzangu. Wakipata koleo, la kwanza ni msasa na brashi ya mashine mpaka ling'ae. Chapa ya kiwanda inafutika, mwaka unafutika, na ule ulikaji uliotuonyesha mkono wa fundi unafutika nao. Mafuta kidogo na kitambaa vinatosha. Kutu ya juu haimdhuru mtu.

Navisihi vyuo vya ufundi vifanye jambo moja muhula huu: kila mwanafunzi atafute kifaa kikuukuu, akae na fundi mzee, aandike kilishikwaje, kilifanya kazi gani, na mafundi wenyewe walikiitaje. Wazee wa reli, wa viatu na wa saa bado wapo, na wanapenda kuulizwa. Nanyi wenye mizani, mkiona koleo msilolielewa, liwekeni kando. Nitalipa zaidi ya bei ya kilo.