Megabiti Zaidi Hazipiti Ukutani

Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo nivumilieni.

Kila mtu mwenye waifai nyumbani amewahi kupewa jibu hili kwenye simu ya huduma kwa wateja: "Zima ruta, hesabu hadi thelathini, washa tena." Ukipiga mara ya pili unapata jibu la pili: "Kifurushi chako ni kidogo, panda hadi kile kikubwa." Jibu la kwanza ni uvivu. La pili, likitolewa bila kupima chochote, ni kumuuzia mtu dawa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi.

Netflix wenyewe wanasema megabiti 5 kwa sekunde zinatosha filamu ya 1080p, na 15 zinatosha 4K. Sasa mtu analipia megabiti 20, ana runinga moja na kile kijiti cha kuchomeka nyuma yake (Chromecast, Fire TV Stick, Roku, chagua chako), na bado kila dakika tatu duara linazunguka katikati ya kioo. Hesabu haziingiani! Tangi la maji limejaa, ila mpira wa kuyaleta jikoni umekunjika. Ukipandisha tangi la pili juu ya paa, mpira utabaki umekunjika vile vile.

Shangazi yangu anaishi kwenye fleti hapa Nairobi. Fundi wa intaneti alipitisha kebo juu ya mlango wa mbele, akapachika kisanduku cheupe na ruta papo hapo, akaondoka. Runinga iko sebuleni, kuta mbili za mawe katikati. Duara likaanza. Akapiga simu, akapandishwa kifurushi. Duara likaendelea, akapandishwa tena. Miezi minne analipa karibu mara mbili ya bei ya kwanza, na filamu za wajukuu bado zinakatika.

Nilipomtembelea nilifanya kipimo ambacho hakihitaji digrii yoyote, nanyi mnaweza kukifanya leo. Keti karibu na runinga na tarakilishi yako ya mkononi, ikiwa kwenye waifai ile ile. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, utafute mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Kisha andika ping -t na anwani hiyo, uache ijiendeshe dakika mbili tatu huku ukitazama nambari za muda. Mawimbi yakiwa mazuri utaona milisekunde chache tu, zimetulia. Kwa Shangazi zilikuwa zinaruka: 4, 9, 280, 6, 310, halafu pakiti nyingine hazirudi kabisa.

Tafadhali zingatieni hapa, maana ndiyo hoja yangu yote. Pakiti hizo hazikuwa zimetoka nje ya mlango. Hazikufika kwa kampuni, sembuse Mombasa kwenye kebo za baharini. Zilikuwa zinapotelea kati ya sebule na mlango wa mbele! Kifurushi kikubwa kingezisaidia vipi?

Ukishamaliza hapo, rudia na ping -t 8.8.8.8. Ruta ikijibu vizuri lakini hii ya pili ikiyumba, basi shida iko nje, na unaweza kupiga simu ukiwa na ushahidi mkononi.

Kwa nini mawimbi yanapotea? Kuta za mawe ni sababu moja. Nyingine ni majirani. Hewa ya 2.4 GHz ni ya wote. Kifaa kikitaka kusema, kwanza kinasikiliza, na kikisikia mwingine anasema kwenye chaneli hiyo, kinangoja zamu. Chaneli zina nambari 1 hadi 13, lakini kila moja ni pana na inawamwagikia wenzake, hivyo zisizokanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jirani akiwa kwenye 3 anamsumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Simu ya Shangazi ilikuwa inaona mitandao 27. Gawanyeni wenyewe! Na maikrowevu nayo hupiga kelele kwenye hewa hiyo hiyo, ndiyo maana kuna nyumba ambazo filamu hukwama chakula kikipashwa moto.

Dawa ni 5 GHz. Ina chaneli nyingi zaidi na msongamano wake ni mdogo, ingawa ukuta huidhoofisha zaidi, kwa hivyo lazima ruta isogee kwanza. (Mwenye Chromecast ile ya kwanza ya 2013 asijisumbue, haijui 5 GHz kabisa.) Kwa Shangazi tulinunua kebo ya mita 10 kuunganisha kisanduku cheupe na ruta, tukaileta ruta sebuleni, juu ya kabati. Ping ikatulia kwenye 3 hadi 6. Akarudi kwenye kifurushi chake cha kwanza, filamu haikatiki. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo hizo pesa zote nilikuwa nalipia ukuta?"

Kijiti chenyewe nacho kinaonewa. Kimebanwa nyuma ya runinga, chuma na saketi zikikizuia kusikia ruta. Kile kipande kifupi cha HDMI kinachokuja kwenye boksi la vijiti vingi, ambacho watu hukitupa, kazi yake mojawapo ni kukisogeza kando kipate mawimbi. Pia acheni kukipa umeme kutoka tundu la USB la runinga. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida hutoa nusu ampea, na kijiti kikikosa nguvu hujizima na kupoteza waifai, halafu lawama zinaiendea intaneti. Tumieni chaja yake.

Na hii tabia ya "futa kila kitu uanze upya"? Machi 2025, Chromecast za kizazi cha pili, zile za 2015, ziligoma kwa wakati mmoja sehemu nyingi duniani. Waifai haikuwa na kosa. Cheti cha kidijitali cha kuzithibitisha kilikuwa kimekwisha muda. Google wakawaomba watu wasifute mipangilio, na waliokuwa wameshafuta ndio waliopata taabu zaidi kuzirudisha.

Sasa nirudi kwa kampuni, maana sijamaliza nao. Nilipotaka kubadilisha chaneli kwenye ruta ya Shangazi nilikuta nywila ya fundi. Nikapiga simu, nikaambiwa mteja haruhusiwi, "sababu za usalama". Usalama gani jamani? Naelewa mipangilio ya laini ibaki kwao, mteja akiichezea atajikata mwenyewe. Lakini chaneli na jina la waifai ni mambo ya ndani ya nyumba. Unamfungia mtu mlango wa kujitibu, halafu unamuuzia dawa isiyo ya ugonjwa wake. Kama hamtaki kumpa ufunguo, basi fundi wenu apime kabla ya kuondoka, tena pale mteja anapotazamia, si pale kebo inapoishia.

Kwa hivyo ukiwekewa intaneti mwezi huu, fundi akitoa ile karatasi ya kutia sahihi, mpeleke kwanza mbele ya runinga, mwambie afanye ping kwenye ruta dakika mbili ukiangalia. Muulize 5 GHz imewashwa? Muulize nywila ya ruta ni ipi, uiandike. Akisema ana haraka, mwambie hata wewe una haraka, na kalamu usiishike bado.