Msikate Waya wa Ardhi

Nalikwenda Nyamira kumzuru swahiba wangu. Nikakaribishwa kwa chai ya huko huko milimani, na ahadi ya kunisikilizisha obokano, chombo cha nyuzi nane cha Wagusii, jamaa ya nyatiti ya Waluo. Sauti yake ni nzito, na ina mvumo wake wenyewe.

Swahiba akawasha mitambo, na spika zikaanza kuvuma. Nikadhani ndiyo obokano hiyo. Kumbe ni umeme! Wapigaji walipoanza, mvumo ule ukawa juu yao kama nzi juu ya halua.

Sababu ilikuwa wazi. Amplifaya aliinunua kuukuu, ya ukumbini, yenye matundu ya pini tatu. Kompyuta iliyohifadhi muziki ilikuwa chumba cha pili, na tundu lake ni la nyaya mbili. Akaviunganisha kwa waya mrefu wa kawaida. Fundi akaitwa, naye akasema, "Mzee, tukate waya wa ardhi kwenye plagi, kelele itakwisha." Ni kweli ingekwisha, na hapo ndipo ulipo mtego.

Tufahamiane. Katika mtindo wa nyaya tatu, nyaya mbili huchukua sauti ile ile, moja ikipanda nyingine ikishuka, na ya tatu ni ngao. Kelele ikiingia njiani huzipata zote mbili sawasawa. Mpokeaji hupima tofauti ya hizo mbili tu, na kelele ikafutika. Katika mtindo wa nyaya mbili, ngao ndiyo pia njia ya kurudia sauti. Vyombo viwili vilivyofungwa ardhini kila kimoja kwa plagi yake vikiunganishwa hivyo, umeme mdogo hupita katika ngao, nawe huusikia.

Sisi washairi twajua kwamba mshororo wa mizani 16 ukikatwa hubaki na 8, na nusu ya maneno imepotea. Vivyo hivyo, ukichukua waya mmoja tu wa sauti kati ya ile miwili, hupata nusu ya nguvu yake. Tena vyombo vya ukumbini kwa kawaida hufanya kazi kwa volti 1.23, na vya nyumbani kwa 0.316, karibu mara nne chini. Basi usishangae kimoja kikinong'ona na kingine kikipiga kelele.

Je, kuchanganya ni kosa? Mimi nasema si kosa. Vyombo vikiwa karibu, meta moja au mbili, na spika zimetulia, usipoteze fedha zako. Lakini jua kwamba kelele ikishaingia katika kiungo kimoja cha nyaya mbili, nyaya tatu za mbele yake zitaibeba kwa uaminifu hadi spikani.

Kosa ni kukata ardhi. Umeme wetu ni volti 240. Hitilafu ikitokea ndani ya chombo, waya wa ardhi huupeleka umeme mahali pake na fyuzi ikakatika. Ukiukata, bati la chombo hubaki likimngoja mtu, na umeme waweza kufuata waya wa sauti mpaka kwenye kipaza sauti. Nasi watu wa pwani tufikirie misikiti yetu: muadhini ametoka kutawadha, mikono mibichi, anakamata chuma kile. Nani atajibu?

Kule Nyamira nalikataa. Nikamwambia fundi, "Mwanangu, tafuta dawa nyingine." Akaleta waya wenye nyuzi mbili na ngao, akauunga pini tatu upande wa amplifaya, na upande wa kompyuta akaunganisha uzi wa pili na ngao pamoja. Mvumo ukapungua hata ukawa hausikiki. Usingepungua, dawa ilikuwa transfoma ndogo ya sauti, ambayo hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za vyombo viwili. Hiyo ndiyo salama zaidi pale sauti inapotoka chombo cha pini tatu kwenda cha nyaya mbili, kwani si kila chombo huvumilia uzi wake mmoja kufungwa na ngao.

Ndipo nikaisikia obokano na mvumo wake halali, na chai ikanogea. Enyi mafundi wetu, na nyinyi wenye kamati za misikiti na maulidi, fungueni plagi zenu leo mtazame kama ule waya wa kijani na manjano bado upo. Tahadhari kabla ya athari.