Begi la Mwanafunzi Anayerudi Ulaya

Noeli imepita, na katika nyumba kadhaa za vijiji vyetu begi linafungwa. Kijana aliyekuja kuwasalimu wazee anarudi Ulaya, chuoni kwake. Mama anafunga kahawa ya kutafuna, baba anatafuta kamba, wadogo wanakaa juu ya begi lipate kufungika. Leo nataka kusema nanyi juu ya begi hilo, na juu ya mzigo mwingine usioonekana kwa macho.

Hapa kwetu mkoani Kagera yupo jirani yangu ambaye mwanawe wa kwanza anasoma Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Mji huo si mgeni masikioni mwetu: Mwalimu Nyerere alisoma huko tangu mwaka 1949 hata 1952. Miaka miwili iliyopita kijana huyo alikuja likizo. Nyumba ikajaa watu. Shangazi alitaka simu. Mjomba alitaka fedha ya mabati. Mdogo wake alitaka karo. Kijana akamjibu kila mmoja, "Nitaona." Nani athubutuye kukataa, naye anakula kuku wao?

Baba naye alikuwa na siri. Mguu ulikuwa na kidonda kisichopona, naye alivaa viatu mchana kutwa kusudi mtoto asione.

Basi kijana akarudi. Wengi wetu hatujui anarudi kwenye nini. Mwanzoni mwa Januari, Edinburgh jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na saa kumi alasiri limekwisha tua. Anatoka chumbani gizani, anarudi gizani, wala mlangoni hapana wa kumwuliza habari za kutwa. Chumba ni fedha, chakula ni fedha, nauli ni fedha. Tena sheria ya Uingereza yasema mwanafunzi mgeni anayesomea shahada asifanye kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akizidisha, aweza kupoteza ruhusa ya kukaa nchini.

Sasa fedha ya shangazi na mjomba itoke wapi? Ilitoka tumboni mwake. Alikula mara moja kwa siku, akasinzia darasani, na mitihani miwili ikamshinda. Akaona haya, akaacha kupiga simu nyumbani. Mama akasema, "Mwanangu ameanza kutudharau." Kumbe! Mtoto alikuwa akiitazama simu kila usiku, akiogopa sauti ya mama yake. Zamani tulingoja barua kwa majuma mengi. Siku hizi simu imo mfukoni, lakini haisemi neno ambalo mwenyewe hataki kulisema.

Aliyeivunja kimya hiyo ni mdogo wake wa kike. Alimwandikia kwenye simu: "Baba amekatwa kidole cha mguu. Alitukataza tusikuambie." Usiku ule ule kijana akapiga simu, akalia, akaeleza na yake yote. Baba akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, tumedanganyana kwa sababu ya kupendana. Sasa tuache."

Mabati ya mjomba yakangoja. Karo ikatoka katika mauzo ya kahawa. Kijana akarudia mitihani yake, akafaulu. Noeli hii alikuja tena. Usiku wa kuamkia safari, baba aliketi mkekani akavua viatu, akamwonyesha mguu. Mtoto akatoa karatasi akawaonyesha hesabu ya kodi na chakula chake. Asubuhi niliwaona wakiagana. Walilia kama watu wote, lakini hapana aliyekuwa akimkwepa mwenzake macho.

Wazazi, jioni moja kabla ya safari, ketini na mtoto wenu pasipo wageni. Mwulizeni: Huko wala nini? Nani hukujulia hali ukiugua? Masomo gani yanakuelemea? Kisha mwambieni hali ya nyumbani jinsi ilivyo, hata ikiwa mbaya. Maombi ya jamaa yapitie kwa baba au mama, naye awe na ujasiri wa kusema, "Mwacheni kwanza asome." Na samli msimfungie: Uingereza hairuhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu huku, na itamletea fedheha uwanjani.

Nawe kijana unayerudi, "nitaona" si jibu. Ni deni unalojifunga mwenyewe, na wazee watalihesabu kila siku. Sema kwa heshima, "Shangazi, kwa sasa sina." Atanuna siku mbili, kisha atakuombea safari njema. Na mtihani ukikushinda, mpigie simu mama kabla hajauliza.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Begi lina kilo zake, na uwanjani hupimwa. Mzigo wa moyoni hapana wa kuupima ila ninyi wenyewe, jioni ile, mkekani.